Mzigo ukiwa mmoja programu inajifunga: nifanyeje na JSON inayobadilika umbo?

"Shikamoo mwalimu. Ninaishi Chumbageni, Tanga, na huu ni mwaka wa pili tangu nianze kujifunza Java. Nimemtengenezea shangazi yangu programu ya simu. Yeye hununua samaki kwenye soko la Deep Sea, huwakaanga na kuwauza Ngamiani. Programu inachukua orodha ya mizigo ya asubuhi kutoka kwenye seva ya mtu mwingine, ikiwa ni JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ya kubebea data, nami naisoma kwa Gson, maktaba ya Java ya kusoma JSON. Mitumbwi ikiwa mingi, kila kitu sawa. Ukiingia mmoja tu, programu inajifunga na kuandika: Expected BEGIN_ARRAY but was BEGIN_OBJECT at line 1 column 34 path $.mizigo. Bei nayo mara ni namba, mara imo ndani ya alama za nukuu. Rafiki mmoja kaniambia niandike Object, aina ya Java inayopokea chochote, kila mahali. Mwingine kasema Java haifai kwa JSON, nihamie Python. Mwishowe nikaweka catch, ile sehemu ya kudaka makosa, inayorudisha orodha tupu. Sasa haijifungi, lakini wiki iliyopita shangazi aliona 'Hakuna samaki leo', akakaa nyumbani, kumbe mtumbwi mmoja ulileta kolekole. Sijui nishike lipi."

Marahaba, kijana wangu. Umeeleza vizuri, na ulivyoninakilia ule ujumbe wa kosa neno kwa neno umenirahisishia kazi. Una matatizo mawili. La kwanza ni umbo la data linalobadilika, na hilo lina dawa inayojulikana. La pili ni ile catch. Hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi, maana ndilo lililomkosesha shangazi kazi ya siku nzima. Nitaanza na la kwanza ili la pili lieleweke.

Tusome kosa lako kwanza, kwa sababu linasema mengi kuliko linavyoonekana. Gson inakuambia: nilitegemea orodha ianze, yaani mabano ya mraba, nikakuta obijekti inaanza, yaani mabano yenye mikunjo. Alama ya dola mwishoni ni mzizi wa jibu zima, na baada ya nukta ndipo jina la fildi iliyokwama. Kwa hiyo $.mizigo ni fildi ya mizigo iliyo juu kabisa. Column 34 ni mahali pa herufi. Chukua jibu la siku ile ya mtumbwi mmoja, tuseme ni kama hili, uhesabu kwa kidole kutoka mwanzo:

```
{"tarehe":"2025-03-12","mizigo":{"samaki":"kolekole","kilo":31,"bei":"12,000"}}
```

Bano lenye mkunjo linalofuata neno mizigo ni herufi ya 33. Gson imeshalimeza ndipo ikashtuka, kwa hiyo inataja 34. Fanya zoezi hili mara moja kwa mkono wako, na tangu siku hiyo hutaogopa tena ujumbe wa namna hii.

Sasa, je, Java haifai kwa JSON? Hapana. JSON ina aina chache sana za thamani: obijekti, orodha, maandishi, namba, kweli na si kweli, na null, yaani hakuna thamani. Kanuni yake rasmi, RFC 8259 ya mwaka 2017, haisemi popote kwamba fildi iliyokuwa orodha jana lazima iwe orodha na leo. Imezaliwa kutoka JavaScript, ambako jina moja linaweza kubeba namba saa hii na maandishi saa ijayo. Java inataka useme mapema. Ukiandika List<Mzigo> umetoa ahadi, na Gson inaishika ahadi hiyo kama ulivyoitoa. Kosa lako ni ahadi ya upande mmoja: wewe uliahidi, mwenye seva hakuahidi.

Ukihamia Python tatizo utalibeba. Utakaposoma jibu la mtumbwi mmoja Python haitalalamika, kweli. Lakini ukipita juu ya mizigo kwa for, utakuwa unapita juu ya majina ya fildi: kwanza neno "samaki", kisha "kilo", kisha "bei". Kosa litatokea mistari kadhaa mbele, mbali na chanzo chake. Java imekusimamisha mlangoni. Mimi nashukuru kusimamishwa mlangoni.

Ushauri wa Object nauelewa unakotoka, lakini usiufuate. Ukimpa Gson fildi ya aina ya Object, obijekti itakuja kama LinkedTreeMap, orodha itakuja kama ArrayList, na kila namba itakuja kama Double. Bei ya 12000 itaonekana kwenye simu ya shangazi kama 12000.0. Hilo ni dogo. Kubwa ni namba ndefu. Double inahesabu namba nzima bila kukosea hadi 9007199254740992 tu, tarakimu 16. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Seva ikiituma bila alama za nukuu nawe ukaipokea kama Object, tarakimu za mwisho zitageuka nyingine na hakuna kosa litakaloandikwa. Hata long, aina ya Java ya namba nzima ndefu, haiiwezi, kwani inaishia kwenye tarakimu 19. Namba ya NIDA, namba ya simu, namba ya risiti: hivyo vyote ni maandishi, hata vikiwa na tarakimu tupu. Kipimo changu ni kimoja: kama huwezi kuvijumlisha ukapata maana, viweke kwenye String. Na hapa Gson inakusaidia, maana fildi ya String inapokea namba na maandishi yote mawili bila wewe kufanya lolote.

Zaidi ya hapo, Object inausambaza wasiwasi. Badala ya kuuliza mara moja mlangoni "umekuja na umbo gani?", utakuwa unauliza kwenye kila skrini, kila hesabu, kila ujumbe. Siku moja utasahau mahali pamoja.

Nenda Deep Sea asubuhi umtazame mpokea samaki akifanya kazi. Akiletewa changu arobaini ndani ya tenga, anapokea tenga. Akiletewa kolekole mmoja anayening'inia mkononi, hasemi "liko wapi tenga, rudi baharini". Anampokea, anamtia mwenyewe ndani ya tenga, na kuanzia hapo wote walio nyuma yake, wa mizani na wa barafu na wa usafiri, wanashughulika na tenga tu. Hawana habari kwamba yule mmoja alikuja mkononi. Kisomaji chako kifanye hivyohivyo. Kitazame kilicholetwa, kikigeuze kuwa umbo moja, na programu nzima isijue kwamba kulikuwa na maumbo mawili.

Kwa Gson, kazi hiyo inafanywa na klasi fupi:

```java
class KisomajiMizigo implements JsonDeserializer<List<Mzigo>> {
    @Override
    public List<Mzigo> deserialize(JsonElement e, Type aina,
                                   JsonDeserializationContext muktadha) {
        List<Mzigo> tenga = new ArrayList<>();
        if (e.isJsonArray()) {
            for (JsonElement m : e.getAsJsonArray()) {
                Mzigo mzigo = muktadha.deserialize(m, Mzigo.class);
                tenga.add(mzigo);
            }
        } else if (e.isJsonObject()) {
            Mzigo mzigo = muktadha.deserialize(e, Mzigo.class);
            tenga.add(mzigo);
        } else if (e.isJsonPrimitive() && e.getAsString().isEmpty()) {
            return tenga;
        } else {
            throw new JsonParseException("mizigo: umbo geni: " + e);
        }
        return tenga;
    }
}
```

Kisha kwenye klasi ya jibu unaandika @JsonAdapter(KisomajiMizigo.class) juu ya fildi ya mizigo. Ibandike kwenye fildi hiyo tu, usiisajili kwa List zote, maana programu yako itakua na siku moja utakuwa na orodha nyingine isiyohusika na samaki. Na tahadhari moja: ukiandika siku moja kisomaji cha Mzigo wenyewe, usimwite muktadha akusomee Mzigo humohumo ndani. Atakurudia wewe, nawe umrudie yeye, mpaka StackOverflowError.

Tazama tawi la tatu, la maandishi matupu. Hukuniambia kwamba siku isiyo na mtumbwi hata mmoja seva inaleta "mizigo":"", lakini nakuomba uiangalie siku hiyo inaleta nini hasa, kwa sababu mchezo wa "mmoja ni obijekti, wengi ni orodha" mara nyingi unatokana na data iliyokuwa XML, namna nyingine ya kuandika data, ikageuzwa kuwa JSON na mashine. XML haina orodha. Ina kipengele kinachojirudia. Kigeuzi kikiona kipengele kimejirudia kinatengeneza orodha, kikiona kimoja kinatengeneza obijekti, na kisipoona kitu ndani kinaacha maandishi matupu au null. Hakuna mtu aliyepanga hivyo. Chanzo kingine ni lugha ya PHP, ambako orodha na kamusi ni kitu kimoja: ukiondoa kipengele cha katikati, namba za nafasi zinabaki 0 na 2, na json_encode inaamua hiyo si orodha tena, inaituma kama obijekti yenye fildi "0" na "2". Ikiwa seva yako ni ya PHP, tawi langu la pili litakudanganya, litadhani obijekti hiyo ni mzigo mmoja, na utapata Mzigo usio na jina wala kilo. Ndiyo maana baada ya kusoma ninapenda kuhakikisha fildi ya lazima ipo. Mzigo usio na jina la samaki si mzigo, usiupokee.

Kuhusu bei, nikusahihishe kidogo. Alama za nukuu peke yake si adui. Fildi ya int au double kwa Gson inasoma "12000" iliyo ndani ya nukuu bila shida. Kinachoikwaza ni ule mkato wa elfu, "12,000", au maandishi matupu, na hapo utaona NumberFormatException. Kwa fedha usitumie double hata hivyo. Tumia BigDecimal, na usome kwa kutazama kwanza kilichopo mbele:

```java
switch (msomaji.peek()) {
    case NULL:   msomaji.nextNull(); return null;
    case NUMBER: return new BigDecimal(msomaji.nextString());
    case STRING: return safisha(msomaji.nextString());
    default: throw new JsonSyntaxException(
        "bei: " + msomaji.peek() + " kwenye " + msomaji.getPath());
}
```

Haya yanakaa ndani ya TypeAdapter<BigDecimal>, kwenye mbinu ya read. Neno peek ndilo moyo wake: linachungulia bila kuchukua. Kwa orodha ndogo kama ya mizigo, njia ya JsonElement niliyoonyesha kwanza inatosha na inasomeka vizuri. Hii ya pili haijengi kwanza mti mzima kwenye kumbukumbu, na inafaa kwa thamani ndogondogo zinazojirudia mara nyingi.

Ile safisha uiandike kwa mkono mzito. Watu wetu wanaandika 12,000 na 12,000/= na 12,000/- na Tsh 12,000. Kubali hizo nne, ukihakikisha kila mkato unafuatwa na tarakimu tatu kamili. Ikija "12,5" usifute mkato ukapata 125. Kataa. Hujui aliyeandika alikusudia kumi na mbili na nusu au aliacha sifuri mbili, na bei ya samaki si mahali pa kukisia. Maandishi matupu kwenye bei yarudishe null, maana yake bei haijatajwa. Yasiwe 0.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Miaka kadhaa nyuma niliandika programu ya mizani kwa wanunuzi wa machungwa kule Muheza. Uzito ukishindwa kusomeka, msimbo wangu uliweka 0 na kuendelea. Niliona ni busara, programu haisimami. Mzee mmoja akapewa karatasi ya magunia sita yenye kilo sifuri, na msimamizi akaamini karatasi kuliko macho yake. Ilichukua siku mbili kumlipa. Tangu hapo, "sijui" na "sifuri" ninaviweka mbalimbali kama chumvi na sukari.

Catch yako ilifanya jambo lilelile. Seva ilisema "mzigo mmoja", wewe ukashindwa kuelewa, programu ikamwambia shangazi "hakuna". Kuna hali tatu tofauti na kila moja inahitaji maneno yake kwenye skrini. Seva imesema hakuna mzigo: andika "Hakuna samaki leo". Seva haijibu: andika "Hakuna mtandao". Seva imejibu nami sikuelewa: andika "Orodha ya leo haijasomeka, piga simu sokoni uulize", na chini yake onyesha orodha ya mwisho iliyosomeka pamoja na tarehe na saa yake, kwa herufi kubwa. Kosa lenyewe lihifadhi kwenye faili pamoja na jibu ghafi, upate kulitazama jioni. Catch ibaki, lakini iwe mahali pamoja, pale unapoita seva, na irudishe habari ya kushindwa. Orodha tupu irudi pale tu seva yenyewe iliposema tupu.

Kuna mtego mdogo wa Gson unaohusiana na hili. Fildi ikikosekana kabisa kwenye jibu, kisomaji chako hakiitwi, na fildi inabaki na thamani uliyoiandika kwenye klasi, mradi klasi ina konstrakta isiyo na vigezo. Fildi ikija na null, kwa mpangilio wa kawaida wa @JsonAdapter kisomaji hakiitwi pia, na thamani yako ya mwanzo inafutwa na null. Kwa hiyo usiguse fildi moja kwa moja. Pitia mbinu moja inayoangalia null kwanza. Na ukitengeneza toleo la kusambaza ambalo R8, chombo cha Android cha kubana programu, inafupisha majina ya fildi, weka @SerializedName kwenye kila fildi, la sivyo zote zitakuja null simuni ingawa kwenye kompyuta yako zilisomeka.

Je, uhamie Jackson, maktaba nyingine ya Java ya kusoma JSON? Ina swichi iliyotengenezwa kwa kesi yako hasa, ACCEPT_SINGLE_VALUE_AS_ARRAY, ambayo unaiwasha kwenye fildi moja kwa @JsonFormat, na mmoja anatiwa ndani ya orodha bila wewe kuandika klasi. Ningekuwa naandika seva ningeichukua. Kwa programu ya simu ambayo tayari inatumia Gson, kubadilisha maktaba nzima kwa ajili ya mistari ishirini sioni faida yake, na maandishi matupu ungelazimika kuyapangia utaratibu wake vilevile. Baki ulipo.

Ukikutana siku moja na fildi inayobadilika kwa sababu ya maana, kwa mfano malipo ambayo mara ni fedha taslimu na mara ni ya simu yenye namba ya muamala, hilo ni jambo jingine. Hapo usilazimishe umbo moja. Tengeneza klasi mbili zenye mzazi mmoja, na usome fildi inayotaja aina kabla ya kuchagua. Kwenye Java 17 kwenda mbele unaweza kumfunga mzazi huyo kwa sealed, na tangu Java 21 kompaila inakukumbusha kwenye switch kama umesahau mtoto mmoja.

Kabla ya kuandika mstari wowote, kusanya majibu ghafi ya siku halisi na uyaweke kwenye faili: siku ya mitumbwi mingi, siku ya mmoja, siku ya bahari chafu isiyo na hata mmoja. Ongeza mawili ya kutunga, moja lenye null na moja lisilo na fildi kabisa. Andika jaribio kwa kila faili. Ukiyaweka mahali pa wazi kuomba msaada, futa kwanza namba za simu za wavuvi.

Mwandikie pia mwenye seva, kwa heshima, ukimwambatanishia majibu mawili yaliyotofautiana, umwombe atume mabano ya mraba hata mzigo ukiwa mmoja. Mara nyingi upande wake ni mstari mmoja. Hata akikubali, kisomaji chako usikitoe, kwa sababu hujui lini atabadilisha kigeuzi.

Mambo mawili yakitokea, usiendelee peke yako. La kwanza ni programu ikianza kulipa au kupokea fedha kwa bei inazosoma. Hapo tafuta mtu mwenye uzoefu wa mifumo ya malipo akae nawe, apitie msimbo mstari kwa mstari. La pili ni ukiona majibu ya seva yanabadilika ndani ya siku ileile kwa ombi lilelile. Huenda kuna seva mbili zenye matoleo tofauti nyuma ya anwani moja, na kisomaji hakitalitibu hilo. Njoo na kompyuta yako na zile faili, pamoja na saa ya kila ombi, tukae mezani tuzilinganishe.

Leo jioni anza na ile catch. Klasi ya mizigo inaweza kusubiri hadi kesho, lakini skrini inayosema "Hakuna samaki" isimfikie tena shangazi kesho alfajiri ikiwa hujui kama ni kweli.